Paka Wawili wa Fundi Kimya

Mtaani walimwita Kimya, na kazini pia walimwita Kimya, hata siku ya kugawiwa vitambulisho vipya jina lake la kweli liliitwa mara tatu kabla hajakumbuka kuitika. Hakuwa bubu, wala hakuwa na maringo. Maneno yake tu yalikuwa machache, akiyatoa tone kwa tone kama dawa ya macho. Ukimwuliza habari, atakwambia nzuri. Ukimwuliza lifti ina nini, atakwambia mlango. Ukitaka zaidi ya hapo, panda mwenyewe ukaangalie.

Alikuwa fundi lifti, mtu wa miaka arobaini na miwili, mrefu, mabega mapana kama kabati la nguo, mikono inanuka grisi hata aioshe kwa sabuni mara tatu. Mke hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Alikuwa na Shangazi yake, aliyemlea, na alikuwa na paka wawili.

Paka hao aliwapata kazini. Siku moja aliitwa kwenye jengo la ofisi la ghorofa tisa ambako watu walilalamika kwamba lifti inalia. Mafundi wengine wawili walikwisha kufika, wakapaka grisi, wakaondoka, na lifti ikaendelea kulia. Kimya akaweka sikio mlangoni, akasikiliza, akazima umeme wa lifti, akashuka kwa ngazi ya chuma mpaka chini kabisa ya shimo. Huko, nyuma ya springi kubwa inayozuia lifti isigonge sakafu, alikuta vitoto viwili vya paka juu ya matambara ya kufutia mafuta, macho hayajafunguka sawasawa. Mama yao hakuonekana. Kimya akaketi amsubiri. Alisubiri saa mbili na nusu, lifti imezimwa, huku meneja wa jengo, mtu mwenye kitambi cha heshima, akipanda ghorofa tisa kwa miguu na kulaani kwenye kila kona ya ngazi. Mama paka hakurudi. Mwishowe Kimya akatoka shimoni na vitoto viwili ndani ya kofia yake ngumu ya kazi, akamwambia meneja, "Imepona," akaenda zake.

Jike alikuwa mweupe tangu utosini hadi mkiani, na alitembea kwa madaha kana kwamba anaogopa kukanyaga pindo la gauni lake. Huyo akamwita Bibi Harusi. Dume alikuwa wa kijivu, mwembamba, mkia umesimama wima. Huyo akamwita Msumari.

Na ajabu ilikuwa hii: mtu huyu asiyesema na watu, na paka alisema. Shangazi, ambaye aliishi vyumba vya chini katika nyumba aliyoishi Kimya, alipanda jioni moja kumpelekea nguo zake zilizofuliwa, akasikia sauti ya mwanamume anaongea, anauliza, anajijibu, anacheka. Akasimama mlangoni dakika kumi nzima, moyo unamdunda kwa furaha, akijua kijana wake amepata mchumba hatimaye. Alipobisha na kuingia, akamkuta Kimya amekaa sakafuni, paka mmoja pajani na mwingine begani, akiwaeleza jinsi mota ya mlango ilivyoungua.

"Mgeni yuko wapi?" Shangazi akauliza.

"Mgeni gani?"

Shangazi akawatazama paka, akamtazama yeye. "Kumbe! Mimi nimekulea miaka thelathini na sita napewa 'nzuri', na hawa wa juzi wanapewa hadithi na mwisho wake."

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, na hakuona tabu kuwakumbusha hilo watu wazima wenye ndevu walipomkosea adabu. Paka hakuwapenda. Alisema paka ni kiumbe anayekutazama kama anaijua siri yako na anasubiri siku ya kuitoa.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka kampuni ya Kimya ilipouzwa. Mafundi tisa wakapunguzwa wakabaki watatu, na yeye, wa tatu, akawa anaitwa siku mbili kwa wiki. Ndipo ikaja barua kutoka ng'ambo. Hospitali kubwa ilitaka fundi wa kutunza lifti kumi na moja, mkataba wa miaka mitatu, kazi kuanza baada ya miezi mitano. Kimya aliisoma mara nne, akawasomea paka mara moja, kisha akashuka chini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimepata kazi. Ng'ambo."

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Vidole vikasimama. "Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Haya." Vidole vikaanza tena. "Mungu akutangulie. Na hao wakwe zangu wenye mikia utawaacha na nani?"

"Naenda nao."

Shangazi akausukuma ungo pembeni. "Hebu rudia, baba, masikio yamezeeka. Watu wanahamia ng'ambo na wake zao. Wengine wanahama na watoto. Wewe unataka kupanda ndege na paka? Kwani huko paka wamekwisha?"

Kimya akatazama mikono yake. Halafu akasema maneno ambayo kwake yalikuwa hotuba. "Mimi simwachi mtu kwa mtu, Shangazi. Hata paka."

Shangazi hakubisha, kwa sababu alijua maneno hayo yametoka wapi. Kimya alikuwa na miaka sita, mama yake ameshafariki, baba yake alipopata kazi ng'ambo. Baba huyo, kaka yake Shangazi, alimleta mtoto na sanduku dogo la nguo, akasema, "Miezi sita tu, dada. Nikishatulia nakuja kumchukua." Mwanzoni alipiga kila Jumapili, kwenye simu ya zahanati alikofanya kazi Shangazi. Mtoto alisimamishwa juu ya kiti, akashikishwa simu, akaulizwa habari, akasema nzuri. Akaulizwa shule, akasema nzuri. Baada ya hapo baba na mwana walikaa wakisikilizana pumzi mpaka muda ukakatika. Simu ikawa ya kila mwezi, kisha ya mwaka mpya, kisha kadi, kisha hata kadi ikakoma. Walisikia kwamba ameoa huko. Ugomvi haukuwapo. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo hivyo.

"Basi nisaidie kuchambua," Shangazi akasema, akamsogezea upande mmoja wa ungo.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mcheshi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Alimweleza Kimya yote yaliyotakiwa. Kila paka awekwe chipu, kidude kidogo kama punje ya mchele, chini ya ngozi ya shingo, ili kokote atakakofika ajulikane ni yeye. Achanjwe kichaa cha mbwa. Mwezi ukipita, atolewe damu, ipelekwe maabara ionekane kama chanjo imeshika. Ikiwa imeshika, zihesabiwe siku tisini tangu damu ilipotolewa, ndipo kibali kitoke.

"Paka anachanjwa kichaa cha mbwa?" Kimya akauliza.

"Ndiyo. Na anasubiri kama mtu aliyetenda kosa," daktari akasema. "Anza leo. Ukianza leo, miezi mitano inatosha. Ukianza wiki ijayo, utakwenda peke yako."

Akaanza siku ile ile. Akanunua vizimba viwili vya kusafiria, akaviweka wazi sebuleni na matandiko ndani, ili paka wavizoee kabla havijawa jela. Msumari akakifanya chake chumba cha kulala siku ya kwanza. Bibi Harusi akakizunguka wiki mbili, akanusa, akageuka, akalala juu ya kifuniko.

Damu ilipopelekwa maabara, majibu yalichukua wiki nane. Daktari hakumpigia simu. Alimwomba aje.

"Msumari amefaulu, tena kwa alama za juu," akasema. Kisha akavua miwani. "Bibi Harusi chanjo haikumshika vya kutosha. Inatokea, hakuna aliyekosea. Tutamchanja tena, tusubiri mwezi, damu upya, na zile siku tisini zianze upya."

Kimya akapiga hesabu. Bibi Harusi angekuwa tayari miezi miwili baada ya yeye kutakiwa kazini. Aliiandikia hospitali kuomba muda, wakamjibu kwa upole kwamba lifti mbili zimesimama na wagonjwa wanabebwa kwa machela ngazini. Likizo yake ya kwanza ingekuwa baada ya miezi sita. Siku tatu hakusema neno hata na paka. Siku ya nne alimwandikia mwajiri barua ya kuikataa kazi, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Shangazi, ambaye alifua mashati hayo, akaiona.

Alipanda ngazi akiwa na barua mkononi, povu la sabuni bado liko viwikoni.

"Hii ni nini?"

"Barua."

"Najua ni barua, nimeisoma. Mlete huyo mwali wako chini, akae kwangu."

"Shangazi, wewe hupendi paka."

"Sipendi. Nimezalisha wanawake walionitukana mpaka babu yangu, na watoto wao nikawapokea salama. Kupenda si sharti la kazi." Akaichana barua vipande vinne. "Nenda. Ukikaa hapa kwa ajili ya paka, paka atakufa siku moja na kazi imeshaenda, utabaki unanitazama mimi."

Kimya alimwandikia maelekezo ya kurasa mbili: sahani gani, mchanga wa beseni la kujisaidia ubadilishwe lini, asifungiwe mlango wa bafuni. Shangazi aliyasoma yote, akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona mgonjwa mwenye cheti kirefu namna ile. Asubuhi ya safari, Bibi Harusi akiwa amejificha chini ya kitanda cha Shangazi, Kimya akainama mlangoni na kizimba cha Msumari mkononi.

"Miezi sita tu, Shangazi. Nakuja kumchukua."

Maneno yalipotoka, wote wawili waliyasikia. Shangazi akamfuta vumbi begani ambalo halikuwapo. "Nenda baba. Ndege haimsubiri mtu."

Uwanja wa ndege mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye ukaguzi. Ofisa, mwanamke mwenye mikono mifupi na sauti ndefu, aliangalia kizimba. "Mtoe."

"Atakimbia."

"Kizimba kinapita kwenye mashine, kiumbe hai hapiti. Mtoe, umbebe, upite naye hapa."

Kimya akafungua. Msumari akatoka kama risasi, akampanda kifuani, begani, akafika kichwani, akatia makucha kwenye ngozi ya kichwa cha bwana wake na kukaa hapo, mkia wima, akitazama watu mia mbili waliopanga foleni. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akauliza kama huyo paka ana tiketi. Kimya akahisi damu inamtambaa nyuma ya sikio, na akajua kwamba paka huyu akiruka hapo, basi tena. Hakuwa na jingine la kufanya. Akaanza kusema, kwa sauti, mbele ya halaiki yote.

"Msumari, sikiliza bwana. Hapa ni kama lifti tu. Mlango huu unafunguka, tunaingia, ule unafunguka, tunatoka. Kelele hiyo ni mkanda, unahitaji grisi kidogo, hakuna aliyeutunza. Taa hizo hazichomi. Mimi pia sijawahi kupita hapa. Tunapita wote wawili wageni, na dada huyu anatutazama lakini si mtu mbaya, viatu tu vinambana. Haya, hatua moja. Nyingine."

Msumari akashuka pole pole mpaka begani, akaficha uso shingoni. Walipofika upande wa pili, ofisa akawasogezea kizimba, akampa Kimya karatasi laini ya kufuta damu.

"Viatu vinanibana kweli," akasema.

Ng'ambo alipewa fleti ya wafanyakazi, ghorofa ya nne, chumba kimoja na jiko, dirisha linatazama ukuta wa jengo la kufulia nguo za hospitali ambao kutwa nzima ulitoa mvuke. Msumari aliingia nyuma ya friji na kukaa huko siku tatu, akitoka kula tu Kimya anapokuwa kazini. Kila alfajiri alilia, kilio kirefu cha kuuliza, akienda kila pembe ya chumba kumtafuta mwenzake. Kimya alimweleza. Kueleza hakukusaidia.

Siku ya pili, baada ya zamu, akampigia Shangazi.

"Habari za huko?" Shangazi akauliza.

"Nzuri."

"Umefika salama?"

"Salama."

Kikapita kimya alichokijua vizuri, kile cha kusikilizana pumzi. Kisha Shangazi akasema, "Mwali wako amegoma kula."

"Umemwekea sahani gani?"

"Ile ya udongo, nzuri."

"Hapana, Shangazi, hiyo ina kingo, masharubu yake yanagusa, hapendi. Mwekee ile ya bati iliyo bapa. Na usimwekee karibu na mlango, anataka ukuta nyuma yake, tangu mdogo yuko hivyo, nadhani ni ile springi, kule shimoni alizoea kuegemea springi. Halafu ukishaweka usimtazame. Jifanye una kazi nyingine. Mwimbie kidogo ukiweza, siyo kwa nguvu. Msumari hata ukipiga ngoma atakula, ila yeye ni mtu wa staha." Akasimama kuvuta pumzi, akashtuka mwenyewe. "Shangazi? Upo?"

"Nipo," Shangazi akasema. "Endelea. Nasikia."

Tangu siku ile alipiga kila siku, saa kumi jioni, akiwa bado na ovaroli. Kwanza yalikuwa ya paka tu. Bibi Harusi amekula. Bibi Harusi amelala juu ya kapu la nguo safi. Bibi Harusi amemkwaruza muuza maziwa, na Shangazi anasema muuza maziwa alistahili. Wiki ya tatu Shangazi alisema paka analala chini ya kitanda. Wiki ya tano, miguuni. Wiki ya nane alipoulizwa, akajibu kwamba hayo ni mambo ya ndani. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Ila maneno ni kama maji, yakishapata mfereji hayachagui. Kutoka kwa paka wakafika kwenye goti la Shangazi linalouma. Kutoka kwenye goti wakafika kwenye zahanati ya zamani. Na jioni moja Kimya, akiwa ameketi kwenye ngazi za fleti, akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza maisha yake yote.

"Shangazi, baba aliacha kupiga kwa nini?"

"Alinipigia mara moja ukiwa shule," Shangazi akasema. "Akaniambia, 'Dada, mtoto hana la kuniambia, na mimi sina la kumwambia. Kila nikikata simu najiona mwizi.' Nikamwambia piga hivyo hivyo, mjinga wee. Mtoto hahitaji la kuambiwa. Hakunisikia." Akakohoa. "Haikuwa kosa lako. Ulikuwa na miaka saba. Ningekwambia zamani, lakini wewe hukuuliza, na mimi nikaona nisichokonoe kidonda. Ukunga wote ule, na hilo nikaliogopa."

Kimya alibaki pale ngazini muda mrefu baada ya simu kukatika. Msumari alimngoja mlangoni, akamlaumu kwa kuchelewa.

Mwezi wa nne, lifti namba tatu ilikwama kati ya ghorofa mbili. Ndani yake alikuwamo mpishi wa hospitali, mama mnene mwenye kilemba cheupe, na toroli lake la chakula cha wagonjwa. Kimya alipofika juu ya lifti na kufungua kidirisha cha dharura, alimkuta ameketi sakafuni, anatokwa jasho, pumzi inamkimbia.

"Kamba zinakatika!" akapiga kelele. "Nazisikia!"

Msaidizi wa Kimya alikuwa chumba cha mashine, na kazi ilihitaji dakika arobaini. Zamani Kimya angesema "subiri" na kuendelea kufungua nati. Safari hii alilala kifudifudi juu ya paa la lifti, uso kwenye kidirisha, mkono mmoja ukifanya kazi pembeni.

"Hazikatiki, mama. Ziko nyingi, na moja peke yake inakubeba wewe na toroli na mimi. Kinacholia ni breki, imekushika. Ni kama mtu aliyekukumbatia sana." Akaona haitoshi. Lugha ya kule alijifunza chuoni, haikuwa na maneno mengi ya kubembeleza, naye hakuwa na hadithi nyingine maishani. Basi akamsimulia paka. Akamsimulia shimo na kofia, meneja na kitambi chake, chanjo iliyogoma, Msumari kichwani mbele ya watu mia mbili, na mwenzake aliyebaki kwa mkunga asiyependa paka. Mpishi aliacha kuhema. Baadaye akaanza kuuliza. Lifti ilipoanza kushuka taratibu, alikuwa anagomba.

"Kwa hiyo mmewatenganisha pacha?"

"Mwezi wa sita nakwenda kumchukua."

"Ole wako usipokwenda," mpishi akasema, akatoka na toroli lake. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa Kimya alikuta kifurushi cha ngozi za samaki zilizochemshwa kwenye kitasa cha karakana, kimeandikwa jina la Msumari.

Majibu ya pili ya Bibi Harusi yalikwisha kutoka zamani, mazuri. Siku tisini zilipotimia, daktari wa mifugo alisema anaweza kusafirishwa peke yake, sehemu ya mizigo. Shangazi alikataa katakata. "Mizigo? Huyu ni gunia? Atakuja kuchukuliwa na aliyemwacha." Likizo ilipofika, Kimya alimwachia mpishi ufunguo na kurudi nyumbani.

Alikuta kila kitu tayari. Kizimba kilikuwa kimeoshwa, matandiko yamefuliwa na kupigwa pasi, kibali na vyeti vimewekwa ndani ya bahasha ya plastiki. Bibi Harusi alikuwa amenenepa. Alikaa dirishani kwenye mto ulioshonwa kwa kitambaa cha gauni la zamani la Shangazi, akamtazama Kimya kama mtu anayejaribu kukumbuka deni. Kisha akashuka kwa madaha yake, akaja kusugua shavu kwenye kiatu chake, akarudi dirishani.

Shangazi alimpokea, akamlisha, akauliza habari za ndege. Siku mbili nzima yeye ndiye aliyekuwa anasema "nzuri".

Siku ya tatu Kimya akaketi mbele yake jikoni. "Shangazi, nimefikiri. Bibi Harusi abaki na wewe."

"Kwa nini?"

"Amekuzoea. Na wewe umemzoea. Nimeona mto."

"Mto ni mabaki ya kitambaa."

"Shangazi."

Shangazi akaweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakujisumbua kuyaficha. "Nisikilize, mwanangu. Ndiyo, nampenda, huyo mshenzi mweupe. Ananiamsha asubuhi kwa kunikanyaga koo. Lakini kuna mtu aliwahi kuniachia amana mlangoni hapa, akasema miezi sita. Nilikaa nimeikunja nguo yako moja nzuri ndani ya sanduku miaka minne, ukazidi kuwa mkubwa nayo ikabaki ndogo. Wewe umesema miezi sita, na umekuja. Umekuja, umekaa kwenye kiti hicho. Usiniharibie. Mchukue paka wako, umpeleke kwa pacha wake. Hilo ndilo nataka kuliona kwa macho yangu."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Nina mtaa mzima niliouzalisha. Na usiniletee paka mwingine kwa kunionea huruma. Nipigie simu."

Kimya akainuka, akazunguka meza, akamkumbatia. Hakuwahi kufanya hivyo tangu avae suruali ndefu. Shangazi akampiga piga mgongoni, kama anavyopigwa mtoto mchanga aliyenyonya akashiba, akamwambia ananuka grisi.

Kule fleti, paka hawakurukiana kwa furaha kama alivyotarajia. Msumari alivimba mkia, Bibi Harusi akamtemea, wakakaa pembe mbili za chumba kutwa nzima kama wapangaji wapya. Kesho yake asubuhi Kimya aliwakuta ndani ya kizimba kimoja, kile cha Msumari, wamebanana mpaka haikujulikana mguu ni wa nani.

Saa kumi jioni akapiga simu.

"Wamepatana?" Shangazi akauliza.

"Wamepatana. Wamelala pamoja."

"Alhamdulillahi. Amekula?"

"Amekula. Sahani ya bati."

"Vizuri." Shangazi akanyamaza. Kimya akaisikia pumzi yake, na nyuma yake sauti ya chumba kisicho na paka. "Haya basi, baba," Shangazi akasema, polepole, "kama wamefika salama na wamekula, nadhani hatuna la ziada. Nisikumalizie hela za simu."

"Shangazi, usikate."

"Kuna nini? Anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa." Kimya akavuta kiti, akaketi, akavua buti moja. Alitafuta la kusema, na alilolipata halikuwa na paka hata mmoja. "Leo lifti namba saba imenisumbua. Imeanza asubuhi, inafunga mlango halafu inafungua, inafunga, inafungua, kama mtu anayetaka kuaga na hataki kuondoka. Ndani yake alikuwamo daktari mkuu wa upasuaji na wanafunzi wake sita. Sasa huyo daktari, nikwambie, ni mtu wa hasira, kimo chake kifupi hivi, na akikasirika anasimama kwa vidole. Nimefika pale, nimekuta ameshika bisibisi, anataka kuifanyia lifti upasuaji mwenyewe..."

"Mungu wangu! Na wewe ukafanyaje?" Shangazi akauliza, na kabla hajajibiwa akasema, "Ngoja, ngoja. Usiendelee. Ngoja nikazime jiko."

Kimya akamsikia akiburuta ndala zake kwenda jikoni na kurudi, kiti kikalia alipoketi. Akavua na buti la pili.